UZI: Familia ilisema aliwakimbia watoto wake, sensa ya 1891 ikasema vingine

#1 Mleta mada

Wakuu habari za wikendi. Uzi ni mrefu, wenye haraka mtanisamehe.

Mimi mtoto wa Tanga, naishi Preston huku kaskazini mwa Uingereza mwaka wa 11 sasa, nimeolewa hukuhuku na nina watoto wawili. Tangu naingia kwenye hii familia kuna habari moja huwa inatajwa kwa sauti ya chini, kwamba mama mzazi wa babu yake mama mkwe alikuwa mwanamke wa hovyo, kaacha watoto wanne katoroka na mwanaume, watoto wakaishia nyumba ya maskini. Babu mwenyewe ndo alikuwa anasema hivo mpaka anaingia kaburini. Mwaka juzi mwanangu mkubwa kapewa kazi ya shule achore mti wa ukoo, alipofika kwa huyo bibi, mama mkwe akamwambia "huyo mruke". Kauli ile ilinikaa rohoni. Kwetu marehemu harukwi, hata kama alikuwa na mambo yake siku ya hitima anatajwa na anaombewa. Nikasema huyu lazima nimtafute.

Jina lake siliweki hapa, familia ipo hai. Nitamwita Bibi Mfumaji, maana kazi yake ilikuwa kufuma nguo kwenye viwanda vya pamba hapa Preston.

Kitu nilichojifunza mapema ni kwamba mtu wa kazi za mikono wa zama za Malkia Victoria, yaani 1837 mpaka 1901, mara nyingi hakuacha barua wala shajara, huyu bibi hata jina lake alikuwa hajui kuandika. Lakini kaandikwa sana tu. Kila mahali palipokuwa na mtu anataka kujua huyu nani na gharama zake anazibeba nani, hapo karani alikaa na kitabu. Kwa hiyo ukimtafuta maskini usihangaike na alichosema yeye, tafuta nani alikuwa anamlipia au anaogopa kumlipia.

Nilianza na vyeti. Uingereza na Wales serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, kabla ya hapo unategemea vitabu vya kanisa. Nikatoka kwa mama mkwe kwenda kwa baba yake, nikaenda kwa babu yake aliyezaliwa 1884, kwenye cheti cha babu likatoka jina la mama yake pamoja na la ukoo kabla hajaolewa. Hilo jina la ukoo ndo ufunguo, lishike kama pesa ya nauli.

Sensa zilikuwa kila miaka 10. Ya 1861 ilihesabu watu waliolala ndani usiku wa 7 Aprili, na Bibi Mfumaji yumo, miaka 9, kwenye safu ya kazi karani kaandika kwamba yupo kiwanda cha pamba nusu siku. Miaka 9 wakuu! Sheria ya 1844 iliruhusu mtoto kuanzia miaka 8 afanye kazi nusu siku na nusu nyingine aende shule. Nyumba nzima baba, mama, na watoto watatu wakubwa wote wana kazi ya pamba. Afu siku 5 baada ya ule usiku, tarehe 12 Aprili 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Marekani, pamba ya kule ikakatika, na ikifika mwisho wa 1862 Lancashire viwanda vingi vimesimama na watu wanapanga foleni ya msaada. Ile karatasi ya sensa haijui chochote, imeandikwa siku chache kabla ya vita vilivyoleta ile njaa. Kila nikiisoma naona kama nataka kuwaambia kitu wale watu.

1871 ana miaka 19, mfumaji kamili wa mashine. 1873 anaolewa kanisa la parokia la Mtakatifu Yohana, katikati ya mji palepale. Hapa niwape kitu muhimu. Cheti unachoagiza serikali kuu ni nakala, hata ile alama ya X ya asiyejua kuandika ni karani kaichora. X yake mwenyewe ipo kwenye kitabu halisi cha kanisa. Nikaenda kuitafuta kwenye picha za kitabu pale hifadhi ya nyaraka ya Lancashire. Ya mume imenyooka. Ya kwake mstari mmoja umepitiwa mara mbili, juu wino umefifia chini umekolea, yaani unaona kabisa kalamu ilikataa akarudia. Pembeni karani kaandika jina lake vizuri kwa mwandiko wa madoido. Niliikuza kwenye skrini nikakaa nayo muda.

1881 yupo na mume kibarua na watoto wawili, babu hajazaliwa. Baada ya hapo kimya.

Na hapa nilipotea miezi kama minne. Nilipata kifo cha 1882, jina lilelile la kwanza na la ukoo wa mume, mji uleule, umri unakaribia. Nikaagiza cheti, nikamuweka kwenye mti, nikamwambia mama mkwe kwamba hakutoroka, alikufa. Mama akalia. Bas wiki mbili baadaye nikakumbuka babu kazaliwa 1884. Na mdogo wake 1888. Ikabidi nirudi kumwambia mama sio yeye. Ile jioni siipendi mpaka leo. Mji wa viwanda majina ni yaleyale yamezunguka, unaweza kukuta wanawake watatu wa jina moja mtaa mmoja, na mimi niliona jina nikaacha kusoma mengine. Kile cheti kilisema wazi "mke wa" fulani, fundi viatu, na mume wa kwetu alikuwa kibarua. Ilikuwepo pale pale.

Nikaanza upya na sensa ya 1891, usiku wa 5 Aprili. Mume nikamkuta anaishi chumba cha kupanga kwenye nyumba ya watu. Watoto wawili wakubwa wapo kwa shangazi yao. Babu, miaka 7, na mdogo wake wa miaka 2 wapo nyumba ya maskini ya Preston kule Fulwood, lile jengo refu barabara ya Watling Street, lipo mpaka leo, mimi napitaga hapo na basi naenda kazini. Hapo hadithi ya familia inaonekana kweli eh? Lakini angalia safu ya ndoa ya yule mume. Karani kaandika ameoa. Hajaandika mjane. Mwanaume aliyekimbiwa na mke angeweza kusema chochote, lakini huyu usiku ule kasema ana mke. Yuko wapi?

Nikatafuta kwa jina nchi nzima, hayupo. Kwa jina la ukoo wake wa zamani, hayupo. Nikabadilisha spelingi kwa namna zote maana karani aliandika alichosikia, na lafudhi ya Lancashire sio mchezo. Hayupo.

Dada mmoja mzungu kwenye kikundi cha maktaba ndo akanifungua macho. Kaniambia hospitali za wagonjwa wa akili, kwenye sensa za zile zama, mara nyingi ziliandika wagonjwa kwa herufi za kwanza tu. Kwa hiyo hata utafute jina usiku kucha hutampata. Nikafungua kurasa za hospitali ya Whittingham, ilifunguliwa 1873 nje kidogo ya Preston, kwetu ungesema Mirembe ya huku, nikaanza kusoma mstari kwa mstari. Herufi mbili, umri, ameolewa, kazi. Wakuu ni kurasa na kurasa. Saa sita za usiku nikakuta herufi zake mbili. Miaka 39. Ameolewa. Mfumaji wa pamba. Kazaliwa Preston.

Safari hii sikumwambia mtu. Kuna rejista za serikali za kupokea wagonjwa wa akili, zinaanzia 1846 mpaka 1912, zipo Hifadhi ya Taifa kule Kew na zimeshawekwa onlaini, na zile zina majina kamili. Nikamkuta: kaingia Whittingham Machi 1889, mgonjwa wa fungu la maskini, na kwenye safu ya mwisho kafariki 1896. Hakutoka tena.

Kitabu cha wagonjwa chenyewe kipo hifadhi ya Lancashire, kikishapita miaka 100 kinafunguliwa. Nilichukua likizo ya siku moja. Ukurasa wake una tarehe ya kuingia, nani kamleta, na kisha sababu: kujifungua. Mtoto alikuwa na miezi minne. Daktari kaandika kwamba hapati usingizi, hataki kula, na anauliza mtoto kapelekwa wapi. Miezi inayofuata maelezo yanapungua. Mwaka wa pili sentensi mbili. Kuanzia hapo, kila baada ya miezi kadhaa, mkono tofauti unaandika maneno yaleyale, hakuna mabadiliko, anafanya kazi dobi. Hakuna mabadiliko. Hakuna mabadiliko. Mpaka kifua kikuu 1896.

Mimi nilijifungua mwanangu wa pili hapahapa Preston na niliumwa hivohivo. Mkunga akaja nyumbani, nikapewa dawa, mama mkwe akalala kwetu wiki sita ananibebea mtoto usiku. Sitaongeza neno hapo.

Nimemwambia mama mkwe nikiwa na karatasi zote mkononi, moja moja. Kakaa kimya muda mrefu afu kasema, "Yule mtoto wa miezi minne ndo babu yangu mdogo, mdogo wake babu. Hakuna aliyewahi kumwambia." Mzee alifariki kabla mimi sijazaliwa.

Kama kuna mwenye swali aulize, nitajibu ninachokijua.

#2

Dada nimesoma mpaka mwisho na nimeshindwa kula. Mungu ampumzishe. Swali langu la kawaida tu, gharama zikoje? Maana hizi saiti naona zote zinataka kadi ya benki.

#3 Mleta mada

Asante sana mkuu. Mimi kwa mwaka wa kwanza sikulipia saiti yoyote. FamilySearch ni bure, unafungua akaunti tu. FreeBMD bure, ni watu wa kujitolea wameandika orodha za vizazi, ndoa na vifo. Kwa Lancashire kuna Lancashire OnLine Parish Clerks, vitabu vya kanisa vimenakiliwa neno kwa neno, bure kabisa. Zile za kulipia nyingi unazikuta kwenye kompyuta za maktaba, ingia maktaba ya mtaa wako uliza. Pesa yangu iliishia kwenye vyeti, na kimoja nilikipoteza kwa yule mama wa 1882.

Na kabla hujaagiza cheti angalia orodha ya ofisi kuu ya usajili kwenye saiti yao, ile inaonyesha jina la ukoo la mama kwa vizazi tangu 1837. Orodha za zamani zilikuwa hazina hilo mpaka 1911. Ukiwa na jina la baba na la mama unawakusanya watoto wote wa nyumba moja hata waliokufa wachanga, na hao wachanga ndo huwa wanasahaulika.

#4

Uzi mzuri lakini niulize kwa heshima. Wazungu wana wenyewe wa kuwatafuta. Mbona nguvu hii usiipeleke kwa mabibi zetu wa Tanga?

#5 Mleta mada

Swali lako la haki mkuu. Watoto wangu wana mabibi wa pande zote mbili na wote ni wao. Bibi yangu mzaa mama nimekaa naye nikamrekodi kwenye simu masaa manne kabla hajatangulia, majina ya wazee saba kwenda juu kayataja bila kushika karatasi. Upande wa huku hakuna aliyekaa akataja, kuna karatasi tu. Kila upande nautafuta kwa njia yake.

#6

Sasa dada, nikiwa hapa Birmingham, mimi ni Mkenya. Nafanya kazi ya kuangalia wazee, kuna mzee mmoja ananiambia kila siku nyanyake alitoka Ireland akakuja kufanya kazi kwa viwanda, na anataka kujua alizaliwa wapi kabla afe. Nimejaribu kumsaidia lakini sensa za Ireland sizioni kabisa. Nakosea wapi?

#7 Mleta mada

Hukosei kaka. Sensa za Ireland za karne ya 19 karibu zote hazipo. Za 1861 mpaka 1891 serikali yenyewe iliziharibu, na nyingi za kabla ya hapo ziliungua Dublin Juni 1922 jengo la nyaraka la Four Courts lilipowaka moto kwenye vita. Za mwanzo zilizobaki nzima ni za 1901 na 1911, zipo bure saiti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Usajili wa serikali kwa watu wote kule umeanza 1864, na picha za rejista zake za zamani zimewekwa bure irishgenealogy.ie.

Kama walikuwa Wakatoliki tafuta vitabu vya ubatizo vya parokia, ila jiandae, padri aliandika majina kwa Kilatini. James anakuwa Jacobus, William anakuwa Gulielmus, Mary anakuwa Maria. Watu wengi wanapita juu ya babu yao hawajui.

Lakini kwanza kabisa mbane mzee na maswali. Sensa za Uingereza mara nyingi kwa mtu wa Ireland karani aliandika "Ireland" basi, hakujali kaunti wala kijiji. Kijiji utakitoa kwenye kanisa alikoolewa, kwenye gazeti, kwenye jiwe la kaburi, au kwenye mdomo wa huyo mzee. Muulize nyanya alikuwa anaimba nini, alitaja mto gani. Fanya haraka kaka.

#8

Assalaam alaykum dada. Nipo Unguja. Sisi kwenye familia tunaambiwa tuna babu baharia wa Kiingereza aliyekuwa kwenye meli ya kivita HMS London, ile iliyokuwa imetia nanga hapa miaka ya 1870 kuzuia majahazi ya watumwa. Jina tunalo. Mtu kama huyo anapatikana au ndo basi?

#9 Mleta mada

Waalaykum salaam kaka yangu. Huyo una bahati naye kuliko mimi. Baharia alikuwa analipwa mshahara na serikali, kwa hiyo kaandikwa hasa. Rekodi za utumishi za mabaharia wa kawaida zipo Kew, kuna fungu la 1853 mpaka 1872 linaitwa ADM 139 na linaloanzia 1873 linaitwa ADM 188. Humo unakuta tarehe na mahali alipozaliwa, meli zote alizopita, urefu, rangi ya macho, hata michoro aliyochanja mwilini. Yaani mtu maskini wa 1875 ambaye hana picha hata moja, unajua ana nanga imechorwa mkono upi. Halafu kuanzia 1861 sensa ya Uingereza iliandika na meli za jeshi la maji zikiwa nchi za nje, kwa hiyo angalia ya 1881.

Msiwasahau na mabaharia wa pwani yetu waliochukuliwa kwenye meli hizohizo, Waingereza waliwaita Seedie. Wengi wameandikwa kwa majina ya kupachikwa ambayo mama zao wasingeyatambua, hapo kazi ni ngumu zaidi, ila wamo. Na kama bado hujaenda kisiwa cha Chapwani kwenye makaburi ya mabaharia nenda kasome mawe, jua likiwa limeinama jioni maandishi yanaonekana vizuri zaidi.

#10

Naomba kuongezea, mimi nimefanya kazi za nyaraka miaka mingi. Mleta mada kaeleza vizuri, ila wanaoanza washike mambo mawili. Umri wa sensa usiuamini sana, hasa 1841, makarani waliambiwa watu wazima wa zaidi ya miaka 15 wawashushe kwenye tano ya karibu, kwa hiyo mtu wa miaka 39 anaandikwa 35. Na orodha za vizazi zimepangwa kwa robo ya mwaka ya kusajiliwa. Mzazi alikuwa na siku 42, mtoto wa Februari anaweza kukaa kwenye robo ya pili ukamkosa kwa sababu hiyo tu. Na kabla ya sheria ya 1874 kuanza kufanya kazi 1875 mzazi hakuwa anabanwa kwenda kusajili, wapo watoto hawakusajiliwa kabisa, hao utawapata kwenye ubatizo.

Swali kwa mleta mada, rejista ya nyumba ya maskini ya Fulwood umeiangalia? Maana mgonjwa wa fungu la maskini gharama ya kumweka Whittingham ilikuwa inalipwa na umoja huohuo wa parokia za Preston uliokuwa unalisha watoto wake. Vitabu vyao vinaongea.

#11 Mleta mada

Mkuu wa #10 umenigusa palepale. Watoto na mama walikuwa kwenye mafungu mawili ya kitabu kimoja cha matumizi, na hakuna aliyewaambia watoto. Kuna jambo moja sikuliandika juu. Mwaka 1889, mwaka huohuo alioingia, Whittingham walifungua reli yao ndogo kutoka Grimsargh, na abiria walipanda bure. Maili mbili hivi. Babu alikuwa na miaka 5 na angepanda bure.

Vitabu vya nyumba ya maskini bado sijavigusa, vile vilivyobaki vipo hifadhi hapahapa. Nataka kujua wale watoto waliingizwa tarehe gani, nani alisema nini mlangoni, na kama kwenye safu ya mama kuna mtu aliandika ametoroka, maana nahisi hilo neno lilianzia kwenye mdomo wa mtu mzima fulani likamwingia mtoto. Alhamisi nipo ofu, na mama mkwe kasema safari hii anakuja na mimi, kashanunua miwani mpya ya kusomea. Nitaleta mrejesho hapahapa.